Usukani wa Sebuleni

Shemeji yangu hakuwa mtu wa kuachia usukani. Hata gari likiwa limesimama, injini imezimwa na funguo ziko mfukoni, ukimkuta kwenye kiti cha dereva anasubiri kupakia, mikono iko palepale, mmoja kushoto mmoja kulia, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Nilikuwa nikimtania, "Shemeji, liachie, halitakimbia." Ananijibu bila hata kunitazama, "Ndivyo walivyosema wote waliokimbiwa."

Alikuwa dereva wa lori la mafuta, yale matangi marefu yenye alama za hatari pande zote, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Tanki. Jina lilimkaa kwa namna nyingine pia, maana alikuwa na tumbo la haja na shingo fupi, na kicheko chake kilianzia mbali ndani kikachukua muda kufika mdomoni. Alipokuja kwetu mara ya kwanza kumposa dada yangu, alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akaliegesha tangi lake mbele ya mlango wetu. Mama akakimbia kuzima jiko. Akamnyang'anya baba sigara mdomoni. Tukakaa na mgeni bila hata chai ya moto, na yule bwana anajieleza kwa adabu zote, nia yake, kazi yake, wazazi wake, asijue kwa nini hakuna anayemsikiliza. Mwishowe baba akamwambia, "Tumekuelewa, mwanangu, tumekubali. Sasa ondoa gari." Dada mpaka leo anasema yeye aliolewa kwa vitisho.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme. Natengeneza redio, televisheni, pasi, na siku hizi zaidi mashine za gemu, kwa sababu watoto wa watu wanazipiga ngumi wakifungwa. Kazi hii imenifanya nisiwaamini wateja. Mtu anakuletea simu inayodondosha maji, anaapa kwa mama yake mzazi kwamba haijawahi kuguswa na tone. Kwa hiyo mtu akianza kunieleza ugonjwa wa kifaa chake, namwitikia "ehe, ehe," huku nafungua skrubu. Naiuliza mashine yenyewe. Mashine haina sababu ya kunidanganya.

Tanki naye alikuwa hivyo kwa gari lake. Niliwahi kusafiri naye nikiwa kijana, nimekaa kiti cha abiria napiga soga, mara akaninyamazisha kwa kidole. Akapunguza mwendo, akaegesha kando, akashuka na nyundo yake, akaenda moja kwa moja kwenye tairi la nyuma kabisa, la ndani, lile ambalo huwezi kuliona mpaka uiname. Lilikuwa linaishiwa upepo. Nikamuuliza amejuaje. Akainua viganja vyake akanionyesha, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Limeniambia," alisema.

Akanieleza pia kwamba tangi lililojaa lina upole, la kuogopa ni lililo nusu. Likiwa nusu, mafuta yanatembea. Wewe umekanyaga breki umesimama, yenyewe bado yako safarini. Yanapiga ukuta wa mbele, yanarudi, yanapiga wa nyuma, na ukiwa kwenye kona yanaweza kukulaza. Macho hayakusaidii hapo, wala masikio. Unayasikia kwenye usukani yanavyojikusanya, na unayarudishia kidogo, unayapa kidogo, kama mtu anayebembeleza. Alikuwa akiyasema hayo kwa sauti ya chini, na mimi nilimwonea wivu, kwa sababu sikuwa na kitu chochote maishani ninachokijua kwa namna ile.

Maradhi yalimwanza miguuni. Alikuwa na sukari kwa muda mrefu, anakunywa dawa akikumbuka, anakula asichotakiwa dada akigeuza kisogo. Ganzi ikaingia kwenye vidole vya miguu, ikapanda, naye akanyamaza. Siku moja akafika kwenye bohari ya mafuta, akashuka garini, na mlinzi wa getini akamuuliza, "Tanki, kiatu kingine umemwachia nani?" Akatazama chini. Mguu wa kulia, mguu wa breki, ulikuwa na soksi tu. Kiatu kilikuwa kimemvuka kikalala chini ya kiti, na yeye ameendesha njia yote hiyo, tangi limejaa, bila habari. Mlinzi alicheka sana. Msimamizi hakucheka. Daktari wa kampuni akampima nyayo, na funguo zikabaki ofisini.

"Miguu ndiyo imestaafu," Tanki alituambia siku hiyo, anajitia kuwa mchangamfu. "Mikono bado iko kazini."

Lakini kazi yenyewe haikuwepo. Akaanza kuchelewa kuamka, halafu akaacha kuamka kabisa. Dada alikuwa akimletea chakula kitandani, anakula amegeukia ukutani. Ndevu zikamwota ovyo. Mtu aliyekuwa akinguruma nyumba nzima akawa anajibu kwa "mm" na "mm-mm". Ukimuuliza anaumwa wapi, anasema haumwi popote, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe, maana alitamani hiyo miguu imuume. Dada yangu si mtu wa kulialia, lakini siku hizo alikuwa anaongea nami huku anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Mpwa wangu, binti yao wa pekee, ndiye aliyeleta usukani. Alikuwa akifanya kazi kwenye ukumbi wa michezo ya watoto, na ukumbi ulipobadilisha vifaa akauchukua ule wa zamani pamoja na mashine yake ya gemu, akaniletea kwenye kibanda changu cha kazi. "Mjomba, huu ni wa kuendeshea magari kwenye televisheni," alisema. "Baba anaweza kuutumia?" Nikautazama. Haukuwa wa kitoto. Ulikuwa umefungwa ngozi, mpana, na ndani yake una mota. Gemu likiona gurudumu limepanda jiwe, linaiamuru ile mota ikutikise mkono. Ukikata kona kwa kasi, mota inauvuta usukani urudi katikati, na wewe unashindana nao. Bila mota kujibu, usukani wa aina ile ni mfuniko wa sufuria tu. Kwa kuwa miguu ya shemeji haikuwa ya kutegemewa, nikahamisha mafuta na breki kwenye vijiti viwili nyuma ya usukani, vinavyobanwa kwa vidole. Nikatafuta gemu la malori. Nikaubana usukani kwenye meza ya sebuleni, mbele ya televisheni, na tukamtoa Tanki kitandani kwa ugomvi.

Alitukana kwanza. Akasema hajafikia umri wa kuchezeshwa midoli. Akakaa, akashika kwa dharau, akaondoka taratibu na lori lake la kwenye kioo, na pale gurudumu la mbele liliposhuka kwenye ukingo wa lami, usukani ukampiga teke la mkono. Akashtuka. Akarudi barabarani, halafu akashuka tena ukingoni kwa makusudi, ili apigwe tena. Kicheko kikaanza kupanda kutoka huko chini kinakokaa. "Mama!" alimwita mkewe. "Mama, njoo! Linasema!" Dada alikuwa jikoni na hakuja, kwa sababu alikuwa amejifuta uso kwa mkono wenye pilipili na sasa analia kwa sababu mbili.

Kuanzia hapo nyumba ile ilipata dereva tena. Alinyoa ndevu. Asubuhi alikunywa chai amevaa shati lake la kazi, anamwambia dada, "Haya, mimi natoka," kisha anatembea kutoka chumbani hadi sebuleni kwa fimbo yake, hatua za kuhesabika, anakaa kwenye kiti anaanza safari. Mchana anasimamisha lori kando ya barabara ya kwenye kioo ndipo ale. Alichagua tangi la mafuta, na alikuwa akinipigia simu kunieleza kwamba waliotengeneza lile gemu hawakuwa wajinga, mafuta nusu yanatembea vizuri tu. Mpwa wangu akimpita sebuleni bila kumwamkia, anapigiwa honi. Sijawahi kujivunia kazi yangu kama miezi ile, na sioni haya kusema.

Halafu akaanza kulalamika.

Alisema usukani umelegea. Nikaenda, nikakagua adapta, nikakuta imechoka, inawasha taa lakini haitoshi kusukuma mota. Nikaweka nyingine yenye nguvu zaidi. Akashukuru, na baada ya muda akapiga tena. Nikauchukua hadi kibandani, nikaufungua, nikakuta mkanda unaounganisha mota na mhimili umelika meno. Nikabadilisha. Nikaujaribu mwenyewe mezani, ukanivuta mpaka nikashtuka. Nikarudisha. Safari hii simu ilikuja kabla sijafika kibandani. Shemeji akiwa radhi nami alikuwa akiniita shemeji, na akikasirika ananiita fundi.

"Fundi," alisema, "umenirudishia maiti."

"Nimeujaribu kwa mikono yangu, shemeji. Ni mzima."

"Basi njoo uishi nao wewe."

Nikaufungua tena. Nikasafisha feni, maana mota ya namna ile ikipata joto inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue. Nikabadilisha waya. Nikaweka programu mpya ya usukani. Kila nikiujaribu kibandani unafanya kazi, kila ukirudi kwake umekufa. Nilimuuliza hasa anachosikia, akafikiri, akasema kitu ambacho nilipaswa kukisikiliza vizuri zaidi kuliko nilivyokisikiliza.

"Unasukuma," alisema. "Nasikia mabegani kwamba kuna kitu kinasukuma. Lakini hausemi. Zamani ulikuwa unasema. Mawe madogo, matairi, vile vitu vidogovidogo. Sasa ni kama mtu amekuwekea kichwa begani amelala."

Mimi nikaandama vile vitu vidogovidogo. Nikawaza mota, nikawaza sumaku, nikawaza kifaa kinachopima mzunguko. Nilikuwa nimekwisha kuudhika. Moyoni nilisema mzee anadeka, amechoka gemu, anatafuta wa kumlaumu, na kama kawaida ni fundi.

Dada akanijia kibandani mwenyewe, na dada haji kibandani kwangu, anasema panamkwaruza koo. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, akausogeza pembeni waya wa pasi ya mtu kabla ya kusema.

"Amerudi kitandani," alisema.

Nikaweka bisibisi chini.

"Leo hakuvaa shati. Nimemwita, akasema aende wapi." Akanitazama. "Mdogo wangu, mimi mashine zenu sizijui. Lakini nilimpoteza yule mtu nikarudishiwa. Akilala tena safari hii hainuki. Kama unaweza kuutengeneza, tengeneza. Kama huwezi, niambie, nikatafute mwingine anayeweza."

Nikamwambia nitakuja mchana huohuo, na sitaondoka mpaka ufanye kazi mikononi mwake. Nilikula kiapo kabisa. Niliona nimedhalilishwa pia, nisijifanye mtakatifu. Dada yangu wa tumbo moja ananiambia akatafute fundi mwingine.

Nilipofika, tulimwinua pamoja. Alikuja sebuleni na fulana, hana shati la kazi, amepooza kama chai ya jana. Kwa mara ya kwanza nikamwambia awashe yeye mwenyewe kila kitu, tangu mwanzo, mimi nisimame pembeni nitazame. Sijui kwa nini sikuwahi kufanya hivyo. Siku zote nilikuwa nafunga mwenyewe, nawasha mwenyewe, namkabidhi ukiwa tayari.

Akakaa. Akaushika usukani barabara, mmoja kushoto mmoja kulia, kisha akatoa kidole kimoja tu kuwasha. Usukani ukaanza kutaka kuzunguka. Yeye akaubana. Ukavutana naye kidogo, ukagugumia, ukanyamaza. Akageuka kunitazama: umeona mwenyewe?

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Usukani wa namna ile ukiwashwa hujipima. Unazunguka wenyewe mpaka mwisho wa kushoto, mpaka mwisho wa kulia, unarudi na kusimama, na kwa njia hiyo unajua katikati yake iko wapi na nguvu zake zianzie wapi. Ukiushika wakati huo unapotea. Unapima uongo, na siku nzima unafanya kazi kwa vipimo vya uongo, upande huu mzito, upande huu mlegevu. Ni maneno ya ukurasa wa kwanza wa kile kikaratasi chake: usiguse. Mtoto yeyote anaacha mikono kwa sababu anaona raha unavyozunguka peke yake. Lakini nani angemfanya Tanki akae kwenye kiti cha dereva, aone usukani unajizungusha, aunyamazie?

"Shemeji, unauzuia! Unatakiwa uuachie ujizungushe!"

"Niuachie usukani unaozunguka wenyewe?" Aliniangalia kama nimemwambia avue nguo barabarani. "Wewe una akili sawasawa?"

Dada akaanza kucheka naye, kwa kuona mimi nacheka. Nikazima. Nikamwambia akalie mikono. Akakataa. Dada akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukambana kama polisi na mwizi, nikawasha kwa kiwiko. Usukani ukazunguka kushoto taratibu, ukagonga mwisho, ukazunguka kulia, na Tanki anajipinda kitini, anatweta, "Litaanguka, jamani, litaanguka," mpaka uliposimama katikati, umetulia. Tulikuwa tumelegea kwa kicheko wote watatu. Yeye pia alikuwa anacheka. Nakumbuka niliwaza, nitawasimulia watu jambo hili hadi nizeeke.

"Sasa shika," nilisema. "Nenda."

Akashika. Akaondoka. Dada alisimama nyuma ya kiti chake, mikono ameiweka kwenye mabega yake. Lori likashuka barabara ya kokoto, nami nilikuwa nauona usukani kwa macho, ulikuwa unatetemeka vizuri, mtetemo mdogo wa haraka, sawa na nilivyousikia kibandani. Nikasubiri kicheko chake.

"Enhe?" nilisema.

Akaendelea kidogo. "Umekaa sawa," alisema. "Hauvuti upande." Kisha kwa upole, kama anayeogopa kuniudhi: "Lakini bado hausemi, shemeji."

Nikaingia kwenye mipangilio ya gemu, nikaongeza nguvu. Akaendesha. Akatikisa kichwa. Nikaongeza tena. Meza ikaanza kunguruma. Nikaupeleka hadi mwisho, mahali ambapo kwa kawaida siwapelekei wateja kwa sababu unaweza kumtegua mtu kidole gumba, na lori likaparamia kokoto, na meza yenyewe ikaanza kutembea. Gilasi iliyokuwa pembeni ikateleza, ikaanguka ikapasuka, hakuna aliyeiokota. Mikono ya Tanki ilikuwa inaruka. Nyama za mikono yake zilikuwa zinachezacheza mpaka kwenye mabega. Na uso wake, katika fujo yote ile, ulikuwa umetulia, umeinamishwa kidogo upande, uso wa mtu anayesikilizia mlango unaobishwa kwa mbali.

"Ongeza," alisema.

"Umefika mwisho."

"Ongeza kidogo tu."

Hapo ndipo nilipoona damu. Ngozi ya usukani ilikuwa na mshono uliofumuka upande wa kulia, na ncha ya uzi mgumu ilikuwa inamsugua kwenye shina la kidole gumba. Ilikuwa imechimba kidonda. Si kidonda cha leo. Pembezoni kilikuwa kimekauka kikafumuliwa, kimekauka kikafumuliwa tena, na damu mpya ilikuwa inashuka kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko, inadondoka kwenye fulana. Mtu mwingine angekwisha kupiga ukelele zamani. Yeye alikuwa anabana usukani juu ya jeraha lake lenyewe, anasubiri kuambiwa kitu.

Nilielewa yote kwa mara moja, adapta, mkanda, feni, waya, na zile safari zote za kwenda na kurudi. Usukani haukuwa umekufa hata siku moja. Ganzi ilikuwa imepanda kutoka miguuni ikamfuata mikononi, kimyakimya, na alikuwa ananieleza ugonjwa wake mwenyewe kwa maneno ya mashine, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa nayo.

Nikamtazama dada. Alikuwa ameiona damu. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Shemeji," nilisema, "ni mota. Mota imekwisha. Nilikuficha tu, sikutaka kukuambia."

Tanki alisimamisha lori kando ya barabara, kwa utaratibu wote, akawasha taa za kuonya. Hakutazama mkono wake. Alinitazama mimi. Nilijaribu kustahimili macho yale nikashindwa, nikageukia televisheni.

"Mama," alisema.

"Abee."

"Njoo ushike wewe."

"Mimi sijui kuendesha."

"Huendeshi. Shika tu, mimi nabana mafuta."

Dada akazunguka kiti akainama mbele yake. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akiikwepa ile sehemu yenye damu. Tanki akanyoosha vidole kwenye kijiti, anavitazama ili vifike, akabana. Lori likaingia kwenye kokoto kwa nguvu zote nilizokuwa nimeziweka.

"Unasikia kitu?" alimuuliza.

Mikono ya dada yangu ilikuwa inatikisika mpaka kwenye viwiko. Mashavu yalikuwa yanatikisika. Hereni zilikuwa zinacheza masikioni mwake, kilemba kilikuwa kinamteremkia machoni, na alipofungua mdomo sauti ikatoka imekatikakatika kama ya mtu aliyepanda trekta.

"Si-si-sikii," alisema. "Sisikii ki-kitu, mume wangu. Umekufa."

Tanki aliendelea kubana mafuta, akimtazama. Alizitazama hereni, akaitazama mikono, akautazama uso wake uliokuwa unakaza ili usilie na hauwezi. Hakuwa mjinga, shemeji yangu. Alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kutazama kinachotetemeka na kujua chanzo chake. Akaachia kijiti. Usukani ukatulia, na dada akabaki ameushika, akingoja hukumu.

"Kweli," alisema Tanki. "Umekufa." Akanigeukia. "Zima, fundi. Usijisumbue tena, ulijitahidi. Mashine zikichoka zimechoka."

Nikazima. Nilikuwa nalia na sikuficha. Dada alileta maji na kitambaa, akapiga magoti kwenye vipande vya gilasi bila kujali, akaanza kumwosha kile kidonda. Maji yalikuwa ya chumvi, ya kuchoma. Yeye alikuwa akimwosha huku akimuuliza, "Nakuumiza? Nakuumiza?" kwa mazoea tu ya kumwosha mtu, halafu akajisikia anachouliza, akanyamaza.

"Kidogo," alisema Tanki. "Nenda taratibu."

Ule mkono mwingine, wa kushoto, ulikuwa mapajani pake. Akauinua, akaupeleka kwenye bega la mkewe. Aliufuata kwa macho njia nzima, mpaka ulipotua, na hata ulipotua hakuacha kuutazama, maana asingejua vinginevyo kama ameshika.